Uzi: Waridi lina maana gani hasa? Rangi, harufu, marashi na hadithi zake

#1 Mrashi wa Fedha (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila Februari ikikaribia linarudi swali lilelile: jekundu ni mapenzi, jeupe ni usafi, je, la manjano? Watu hubandika orodha, na hakuna orodha mbili zinazokubaliana. Naomba uzi huu tuuchimbe kwa kina, wajuzi waingie, tuweke vitu vyenye uhakika.

Hoja yangu ni hii: orodha za rangi ni za juzi tu, zilitungwa Ulaya karne ya 19. Kwa watu wa mwambao, na kwa nchi zilizotuletea neno lenyewe, maana ya waridi imekaa kwenye harufu.

Ushahidi wa kwanza ni lugha. Waridi ni neno la Kiarabu, *ward*. Mti wake ni mwaridi. Mafuta yake ni halwaridi. Maji yake ni marashi, na neno hilo linatokana na kitenzi cha Kiarabu cha kunyunyiza, ndiyo maana chombo cha kunyunyizia kinaitwa mrashi. Leo tunaita marashi kila kinachonukia hata kikiwa cha kopo, lakini asili yake ni maji ya kurushwa kwa mkono. Kisha tazameni rangi. Kabla ya "pinki" kuenea, Waswahili walisema "rangi ya waridi", wakimaanisha ule wekundu uliopauka. Sababu ni kwamba waridi lililojulikana Uarabuni na Uajemi kwa kutengenezea marashi ni lile la Dameski, *Rosa damascena*, na ndiyo rangi yake. Lile jekundu la kuiva la Siku ya Wapendanao halimo kabisa kwenye msamiati huu.

Karibuni.

#2 Zuhura_Tanga

Mkuu umefungua vizuri, ila dukani watu wananunua kwa macho. Mtu akimpelekea mama mkwe mawaridi ya manjano, kuna ubaya? Nimesoma mahali kwamba ni ya wivu, pengine ni ya urafiki. Tushike lipi?

#3 Karani wa Maua

Dada Zuhura, ukijua orodha hizo zilikotoka utaona kwa nini zinagongana.

Mwaka 1717 na 1718 Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliandika barua kutoka Istanbul akieleza mchezo wa wanawake wa huko: unamtumia mtu kitu, ua, tunda au kipande cha kitambaa, na jina la kitu hicho linaoana kwa vina na mstari wa shairi. Anayepokea anakumbuka mstari, anapata ujumbe. Kwa hiyo ufunguo ulikuwa kwenye vina vya Kituruki. Ukihamishia lugha nyingine ufunguo unapotea. Ulaya wakachukua wazo bila vina, na mwaka 1819 kikatoka Paris kitabu cha mwandishi aliyetumia jina la Charlotte de Latour, kikiwa na kamusi ya maua na maana zake. Baada ya hapo kila mchapishaji alitoa chake akibadilisha alivyopenda. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kusema nani amekosea.

Manjano sasa. Ulaya ya zamani haikuwa na miwaridi ya bustani yenye manjano makali. Rangi hiyo iliingia kupitia *Rosa foetida* kutoka Asia ya Magharibi, na jina hilo la Kilatini linasema wazi kwamba ua lina harufu mbaya. Mfaransa Joseph Pernet-Ducher alilipandisha na miwaridi ya bustani, na mwaka 1900 akatoa aina iitwayo 'Soleil d'Or'. Manjano na machungwa mengi tunayoyaona madukani leo yanatokana na kazi hiyo. Vitabu vya zama za Malkia Victoria viliipa manjano wivu na mapenzi yanayopoa. Wauza maua wa leo wameipa urafiki na furaha. Mama mkwe wako anaishi leo, mpelekee bila hofu.

Panapohitaji tahadhari ya kweli ni kwa walio ughaibuni:

Ujerumani, mawaridi mekundu ni ya mpenzi. Usimpelekee mwalimu wako au mke wa bosi. Na karatasi ya kufungia huondolewa mlangoni kabla ya kukabidhi.

Urusi, Ukraine na jirani zao, hesabu idadi. Aliye hai hupewa 1, 3, 5, 7. Idadi shufwa kama 2, 4 au 6 ni ya msibani na makaburini. Wanafunzi wetu wengi wanaosoma huko huingia mtegoni hapa, kwa sababu kwetu jozi ni kitu kizuri.

#4 Bi Kikuba

Asalaam aleikum wanangu. Mrashi wa Fedha amesema kweli kuhusu harufu. Naongeza mambo ya pwani, maana vijana wanaiga bila kujua kipi kinafuata kipi.

Waridi kwetu halikuwa ua la uani. Ua la uani ni asumini. Mwaridi haupendi joto na unyevu wa Unguja, Mombasa au Lamu: majani yanapata madoa meusi, yanageuka manjano, yanapukutika, mti unabaki vijiti. Kwa hiyo kikuba cha bibi harusi hufungwa kwa asumini, rehani, mkadi na mlangilangi, vitu vinavyoota hapa. Waridi lilikuja kwa jahazi kutoka Ghuba na Uajemi likiwa ndani ya chupa. Ndiyo maana lina heshima ya mgeni. Huwezi kulimwaga ovyo, hutoka siku yenye uzito.

Siku zenyewe ni hizi.

Kwenye maulidi, msomaji wa Barzanji, kile kisa cha Mtume kisomwacho kwenye maulidi, anapofika mahali pa kuzaliwa kwa Mtume watu husimama, na hapo ndipo marashi hurushwa na chetezo cha udi hupitishwa. Anayerusha huanza na wazee. Mgeni hukinga viganja viwili, apate matone kadhaa, ajipake uso na nguo. Hurushi machoni kwa mtu.

Kwenye akdi, marashi hutoka baada ya kauli ya ndoa kupita. Ukirusha kabla umekosea, maana hakuna cha kupongeza bado. Halua na kahawa hufuata, na halua yenyewe ina marashi ndani, pamoja na iliki na zafarani.

Msibani, marashi hunyunyizwa kwenye sanda, na karafuu maiti hufanya kazi yake pembeni. Kaburini pia hurushwa. Maji yaleyale ya harusi ndiyo ya mazishi. Wanaosema waridi ni la mapenzi tu wanakata nusu ya maana. Kwetu ni la kumkirimu mtu anapovuka kutoka hali moja kwenda nyingine.

Kuhusu mrashi wenyewe. Usiujaze hadi shingoni, ishia nusu au robo tatu, ukizidisha maji yanamwagika badala ya kunyunyiza. Kadiria mililita 5 kwa mgeni, kwa hiyo watu 60 chupa ya mililita 300 inatosha. Ukimaliza, mwaga yaliyobaki, suuza kwa maji ya uvuguvugu, ugeuze kichwa chini ukauke. Marashi yana uchachu kidogo. Yakilala ndani ya mrashi wa shaba utakuta ukoko wa kijani, na vitundu vya kichwani vitaziba.

#5 Mzalendo_Halisi

Bi Kikuba, shikamoo, darasa safi kabisa. Swali kwa wajuzi: naweza kununua mawaridi ya shada sokoni nikatengeneza marashi nyumbani? Kwenye mitandao wanaonyesha ni kuchemsha tu.

#6 Bonde la Ufa

Mkuu usifanye hivyo. Naeleza kwa upande wa kilimo cha maua.

Waridi la shada linakuzwa ili litazamwe. Hupuliziwa dawa za ukungu na za wadudu, hasa utitiri na vithiripi, na dawa hizo hazikupangiwa mipaka ya chakula, kwa sababu ua haliliwi. Ukichemsha petali zake ukajipaka au ukaweka kwenye halua, unajipaka na kula mabaki ya dawa. Kuosha hakusaidii vya kutosha, petali zimepangana kama kabichi.

La pili, hata ungeosha likatakata, harufu haimo. Wazalishaji wa mbegu kwa miaka mingi walichagua mti unaotoa shina refu, kichwa kigumu na ua linalodumu chomboni siku nyingi. Harufu ilipotea njiani. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba kimeng'enya kiitwacho RhNUDX1 kinahusika kutengeneza jeraniyoli, mojawapo ya nguzo za harufu ya waridi, na kwamba kwenye miwaridi isiyonukia kazi yake imefifia sana. Kwa hiyo ukinusa shada la Naivasha ukakuta kimya, pua yako haina tatizo.

Kwa nini Naivasha? Mwinuko. Ziwa liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua kali, usiku baridi, ua linakua polepole na kichwa kinakuwa kikubwa. Uganda mashamba mengi yako karibu na Ziwa Victoria, kwenye mita 1,100 hadi 1,200 hivi, kuna joto zaidi, ndiyo maana wamejulikana kwa mawaridi ya kichwa kidogo. Pwani ndiyo kama alivyosema Bi Kikuba.

#7 Fundi Halwaridi

Namuunga mkono Bonde la Ufa. Sasa, kwa mwenye mwaridi unaonukia usiopuliziwa dawa, kazi iko hivi.

Chuma alfajiri, umande ungali upo, ua likiwa limefunguka nusu hadi robo tatu. Jua likipanda mafuta yanapaa hewani, na ua la saa tano asubuhi halifanani na la saa kumi na mbili. Fanya siku hiyohiyo. Petali zilizolala kwenye mfuko wa plastiki hupata joto, huanza kuchacha, na harufu inakuwa ya nyasi zilizooza.

Mahitaji: petali nusu kilo (bila vikonyo, bila kile kijani cha chini), maji safi lita 1.5 hadi 2, sufuria pana yenye mfuniko uliobinuka, kipande cha kigae au jiwe safi, bakuli la chuma au kauri lisiloogopa moto, na barafu.

Weka kigae katikati ya sufuria, bakuli juu yake. Tandaza petali kuzunguka kigae, mimina maji yafunike petali tu, yasilifikie bakuli. Funika kwa mfuniko uliogeuzwa, kishikio kikiwa chini kikielekea bakuli. Weka barafu juu ya mfuniko. Moto uwe mdogo, maji yatoe mvuke bila kutokota kwa nguvu. Mvuke unagonga mfuniko wa baridi, unakuwa matone, matone yanateleza kwenye kishikio na kuangukia bakulini. Barafu ikiyeyuka, ondoa maji uweke nyingine. Dakika 40 hadi 60 zinatosha, utapata kama mililita 250 hadi 400.

Mambo yanayoharibika:

Moto mkubwa. Maji yanatokota, yanarukia bakulini, unapata mchuzi wa petali na harufu ya mboga iliyochemka.

Kuendelea kwa sababu maji bado yapo. Harufu nzito hutoka mwanzoni, mwishoni yanatoka maji matupu, na yale matupu yanapunguza nguvu ya yaliyotangulia.

Chupa isiyochemshwa. Baada ya wiki unaona utando mweupe unaelea. Mwaga yote. Tumia chupa ya kioo cha rangi nzito, weka kwenye friji.

Ile njia ya mitandaoni ya kuchemsha na kuchuja inatoa maji ya waridi ya rangi, yanafaa kupikia siku hiyo au kukaa friji siku chache, lakini hayo si marashi. Marashi ni mvuke uliokamatwa, na rangi hayana. Dukani ukiona chupa ya "maji ya waridi" yenye rangi ya waridi, ujue imetiwa rangi. Soma kibandiko: kikitaja maji na manukato ya kiwandani, usiweke kwenye chakula.

Halwaridi ni habari nyingine. Kilo 1 ya mafuta hutaka tani 3 hadi 5 za maua. Taif, Saudi Arabia, husemwa tola moja, yaani gramu 11.66, hula maua zaidi ya 10,000. Anayekuuzia chupa ya mililita 10 kwa bei ya soda anakuuzia kitu kingine. Halwaridi halisi ina nta ya asili, ukiiweka mahali pa baridi ya nyuzi 15 hivi huanza kuganda kwa vipande vyembamba kama vya barafu, ukiishika mkononi inayeyuka. Mafuta ya bandia mengi hayagandi hivyo. Kipimo hiki kina mwanya, wapo wanaochanganya nta makusudi, kwa hiyo kitumie kukataa na wala si kuthibitisha.

#8 Mwambao Muscat

Fundi, heshima kwako, ila hilo la "rangi hayana" litakuletea ugomvi na Waomani.

Marashi ya Jabal Akhdar ya kienyeji yana rangi ya chai nyepesi na harufu ya moshi. Kule vijiji kama Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah viko karibu mita 2,000 juu, miwaridi imepandwa kwenye matuta ya mawe yanayonyweshwa kwa mifereji ya falaji. Msimu ni mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Mei, basi. Petali huingia kwenye chungu ndani ya jiko la udongo liitwalo *duhjan*, bakuli la kupokea matone hukaa ndani juu ya petali, na juu kabisa huwekwa chombo cha shaba chenye maji baridi kinachobadilishwa kila kikipata joto. Kanuni ni ileile ya sufuria yako. Jiko ni la moto wa kuni na limefungwa kwa vitambaa, ndiyo moshi unaingia na rangi inabadilika. Kisha marashi huachwa mwezi mmoja na zaidi yatulie, tope lizame chini, ndipo yahamishiwe chupani. Siku hizi wengi hutumia mitambo ya chuma na gesi, na hayo hutoka meupe kama maji.

Kwa hiyo kanuni iwe: yenye wekundu wa kupendeza, yakatae. Yenye ukahawia na moshi, uliza kwanza yametoka wapi.

#9 Fundi Halwaridi

Nimekubali, Mwambao. Marekebisho sahihi kabisa.

#10 Katekista_K

Naomba kuingiza upande wa Biblia, kwa sababu "waridi la Sharoni" linaimbwa sana makanisani.

Wimbo Ulio Bora 2:1 katika Biblia ya Kiswahili ya Union inasema: "Mimi ni ua la uwandani, ni nyinyoro ya mabondeni." Hakuna waridi hapo! Ila Isaya 35:1 inasema jangwa litachanua "kama waridi". Kwa Kiebrania neno ni moja kote kuwili, *havatzelet*, na wataalamu wengi wanaona ni ua la kitunguu cha porini, wala si mwaridi. Watafsiri wa Biblia ya Kiingereza ya King James waliweka waridi pote. Wetu wa Kiswahili kwenye Wimbo Ulio Bora walikuwa waangalifu zaidi, na nadhani wanastahili sifa kwa hilo.

Vivyo hivyo "waridi la Yeriko". Ni kimmea cha jangwani kinachojikunja kikikauka na kujikunjua kikilowekwa, hakina undugu na mwaridi. Waarabu hukiita *kaff Maryam*, kiganja cha Mariamu, na hulowekwa mama anapojifungua.

Kwa Wakatoliki, rozari ni neno la Kilatini *rosarium*, bustani ya mawaridi: kila sala ni ua kwenye taji la Mama. Kwenye Litania anaitwa "Waridi lenye fumbo". Mtakatifu Ambrosi wa Milano, karne ya 4, alifundisha kwamba waridi la Edeni halikuwa na miiba, miiba ilikuja baada ya dhambi, ndiyo maana Maria akaitwa waridi lisilo na mwiba. Na picha ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu (1873–1897) iliyoko kwenye parokia nyingi Afrika Mashariki, ile ya msalaba umezungukwa na mawaridi, inatokana na ahadi yake kwamba akifa atanyeshea dunia mvua ya mawaridi. Waumini hulipokea waridi lisilotarajiwa, baada ya novena, kama dalili ya kusikilizwa.

#11 Ustadh Rehani

Asante Katekista. Nami niweke sawa jambo moja linalosemwa sana kwenye maulidi: kwamba waridi liliumbwa kutokana na jasho la Mtume (s.a.w.). Masimulizi hayo yapo katika vitabu vingi vya zamani na katika mashairi, lakini wanazuoni wa hadithi, Imamu Nawawi na Ibn Hajar wakiwemo, wamesema si sahihi. Mapenzi ya watu kwa Mtume ndiyo yaliyoyazaa, na mtu anaweza kuyasimulia kama ngano, asiyanasibishe na Mtume kama hadithi. Lililo thabiti ni kwamba alipenda manukato.

Katika Qurani neno *warda* limekuja mara moja, Suratu Rahman aya ya 37, na haizungumzii mapenzi: ni mbingu itakapopasuka ikawa nyekundu. Vile vile mnajua Al-Kaaba huoshwa kwa maji ya Zamzam yaliyochanganywa na marashi ya waridi. Na Sultani Salahuddin alipoirudisha Baytul Maqdis (Yerusalemu) mwaka 1187, wanahistoria wa zama zake wameeleza jinsi mahali patakatifu paliposafishwa kwa marashi. Hapo hoja ya mwanzisha uzi inapata nguvu: waridi ni la kutakasa.

#12 Karani wa Maua

Hata Ulaya ya kale harufu na desturi zilitangulia orodha. Warumi walikuwa na siku za kupeleka mawaridi makaburini, Rosalia, kwa hiyo Bi Kikuba na Mrumi wangeelewana. Wagiriki walisimulia kwamba waridi lilichipuka kutoka damu ya Adonisi, kijana aliyependwa na Afrodita, alipouawa na nguruwe mwitu.

Halafu kuna waridi la siri. Katika kumbi za karamu na za mashauri walichora au kuchonga waridi darini, na lililosemwa chini yake halikutoka nje. Kilatini huitwa *sub rosa*. Kisa chake: Erosi, mungu wa mapenzi, alimpa Harpokrate waridi ili afiche mambo ya Afrodita, mama yake Erosi. Harpokrate huyo ni Horusi mtoto wa Wamisri, anayeonyeshwa na kidole mdomoni. Kwa Wamisri kidole kilimaanisha utoto tu, Wagiriki wakadhani anasema "nyamaza". Ishara nzima ya siri imejengwa juu ya picha iliyosomwa vibaya, na ikadumu karne nyingi.

Waingereza nao wana waridi la ukoo: jeupe la York, jekundu la Lancaster, koo mbili zilizopigania ufalme. Henry wa Saba alipata ushindi Bosworth mwaka 1485, akamwoa Elizabeth wa York mwaka uliofuata, akaunganisha mawaridi mawili, jekundu nje, jeupe ndani. Ni alama ya ufalme hadi leo.

Jeusi na la buluu watu huuliza. Jeusi halipo, hata yale mashuhuri ya Halfeti, Uturuki, ni mekundu yaliyoiva mno. La buluu pia, kwa sababu mwaridi hauna rangi asilia inayoitwa delfinidini. Suntory wa Japani waliuingiza uwezo huo kwa uhandisi wa jeni na kuanza kuuza 'Applause' mwaka 2009, lakini jichoni ni zambarau nyepesi. La buluu kali la dukani limenyweshwa au kupuliziwa rangi.

#13 Zuhura_Tanga

Jamani nimejifunza. Swali la haraka: shada linalegea shingo siku ya pili, kichwa kinainama wakati petali bado nzima. Watu husema ni mkosi, mapenzi hayatadumu.

#14 Bonde la Ufa

Huo si mkosi dada, ni kiu. Maji hayafiki kichwani kwa sababu mirija ya shina imezibwa na hewa au na bakteria, au ua lilikatwa changa kabla shingo haijakomaa.

Kata sentimita 3 za chini kwa kisu kikali, kwa mshazari. Mkasi butu unaponda mirija. Viringisha shada zima kwenye gazeti, vichwa vikiwa vimenyooka, lichovye kwenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 40 hivi hadi karibu na vichwa, uliache saa 1 hadi 2. Likiwa limezibwa na hewa litasimama. Lililokatwa changa halisimami, usipoteze muda.

Kuzuia ni rahisi zaidi: toa majani yote yatakayozama, badilisha maji kila baada ya siku 2, kata tena kidogo kila ukibadilisha. Lita 1 ya maji weka kijiko cha chakula cha sukari, kijiko cha chai cha maji ya limau na matone machache ya dawa ya kufulia nguo nyeupe. Ukiweka sukari bila kitu cha kuua bakteria umewalisha bakteria. Na usiliweke karibu na ndizi zinazoiva.

#15 Mzalendo_Halisi

Bi Kikuba, singo ya bibi harusi, ile ya kumsugulia mwili, inaingia waridi?

#16 Bi Kikuba

Inaingia, mwanangu. Petali kavu za waridi konzi mbili, za asumini konzi moja, mlangilangi maua matano au sita, majani ya rehani konzi moja, liwa ya unga vijiko vitatu, karafuu tatu au nne tu. Anika kivulini, jua linaondoa harufu na rangi. Twanga, chekecha, kisha kanda kwa marashi kidogokidogo hadi iwe uji mzito. Karafuu ukizidisha bibi harusi anawashwa mwili mzima, na siku zenyewe ndizo hizo. Mjaribu kidogo ndani ya mkono siku moja kabla. Na petali ziwe zile zisizo na dawa, kama alivyosema Bonde la Ufa.

#17 Iringa_Juu

Sisi wa nyanda za juu, tupande mwaridi gani ili tupate petali za namna hiyo? Nimetafuta la Dameski bila mafanikio.

#18 Bonde la Ufa

Hata ukilipata, ndugu, la Dameski linahitaji baridi ya kweli ya miezi kadhaa ndipo lichanue, na huchanua msimu mmoja. Jabal Akhdar hupata baridi kali majira ya baridi. Iringa haifiki hapo mara nyingi, utapata majani mengi na maua machache. Tafuta yanayochanua mara kwa mara na yanayonukia: 'Papa Meilland' na 'Mister Lincoln' ni mekundu yenye harufu nzito, 'Double Delight' ni jeupe lenye kingo nyekundu.

Shimo sentimita 45 kila upande, debe moja la samadi iliyooza vizuri ichanganywe na udongo wa juu. Nafasi mita 1 kati ya mti na mti, upepo upite. Jua saa 6 kwa siku. Mwagilia shinani asubuhi, usilowanishe majani. Majani yenye madoa meusi okota yote, hata yaliyoanguka, uyachome, usiyatie kwenye mboji, kwa sababu ukungu hubaki humo na kurudi na mvua. Mwaka wa kwanza usichume sana, acha mti ujenge mizizi. Petali za kutosha singo moja utazipata mwaka wa pili.

#19 Iringa_Juu

Asante sana mkuu. Nachimba mashimo kabla ya mvua za Novemba.